Marehemu Anaomba Maji

"Amezikwa wapi?"

Swali lilitoka nyuma kabisa ya kundi, kwa msichana aliyesimama peke yake kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa gereji ya mabasi, mkoba wa shule ameukumbatia kifuani. Wenzake wakageuka kumtazama. Mwalimu wao naye akageuka, uso umemchanua, maana tangu asubuhi alikuwa akiwasihi waulize maswali na hakuna aliyefumbua kinywa.

Mwongozaji wa matembezi ndiye pekee ambaye uso haukumchanua. Kipaza sauti kidogo kilianza kumteleza kwa jasho la kiganja. Msichana aliyeuliza alikuwa binti yake wa kumzaa.

Hakuwa ametegemea. Bosi wa kampuni ya matembezi alimwambia tu kwamba kuna shule inakuja, wasichana wa kidato cha pili, wapelekwe ile njia ya wanawake waliotangulia. Alipofika kituo cha kwanza, mbele ya hospitali kongwe, na kuziona zile sketi za kijani, alijua ni shule ya bintiye. Macho yake na ya bintiye yalikutana yakaachana. Binti alidhani mama hataki wajulikane, asije akatiwa utani kazini, akajivuta nyuma kwa heshima. Mama alidhani ana muda wa kutosha wa kubadilisha mwisho wa simulizi kabla hawajafika gerejini.

Muda aliupata, ila ulimi haukumtii. Alisimulia habari za muuguzi wa kwanza mwanamke kukabidhiwa wodi nzima, akasimulia za mpanga herufi wa kiwanda cha kuchapia magazeti aliyezuia mashine mpaka wanawake walipwe sawa na wanaume, na kila alichosema kilitoka kama kilivyotoka mwaka mzima, na mapumziko yake na vicheko vyake mahali pake. Walipofika kwenye geti la gereji, simulizi ikamchukua kama mteremko.

"Hapa," alisema, "ndipo alipofanya kazi Mama Gia, mwanamke wa kwanza kuendesha basi katika mji wetu. Siku yake ya kwanza abiria walipomwona walishuka wote, mpaka wa mwisho, wakaenda kusubiri basi la nyuma. Mnajua alifanya nini? Aliwasha gari akaliendesha tupu mpaka mwisho wa njia. Akasimama kila kituo, akafungua mlango, akafunga, akaondoka. Kesho yake hivyohivyo. Mpaka siku moja mvua kubwa ikanyesha, na basi la nyuma likachelewa."

Wasichana wakacheka. Hapo ndipo kila mara watu walipocheka. Na baada ya kicheko sauti ya mwongozaji ilishuka yenyewe, bila hata kuiamrisha.

"Mama Gia ametutoka. Alifariki usingizini, kwa amani. Naomba tunyamaze kidogo kwa heshima yake."

Wakanyamaza. Ndani ya ukimya ule ndimo swali lilimotokea.

"Amezikwa wapi?" binti alirudia, maana mwongozaji hakuwa amejibu.

"Kijijini kwao," alisema mama yake. "Mbali."

"Ahsante," alisema binti, akainamisha kichwa.

Mwalimu akapiga makofi, na darasa zima likafuata.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na kule nyuma kulikuwa na kichumba kilichokatwa kutoka barazani kwa mbao nyembamba. Humo ndimo alimolala Bibi tangu kiharusi kimpige. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mdomo umekwenda kombo, na maneno yalimtoka yakiburuta mguu kama yeye mwenyewe. Akili haikuguswa. Domo halikuguswa pia. Fundi, mkwewe, aliyetengeneza feni na pasi pale uani, alikuwa akisema kwamba kiharusi kilimwogopa kikaishia nusu.

Mjukuu wake, yule binti wa mwongozaji, Bibi alimwita Konda. Alimpa jina hilo kwa sababu ndiye aliyempandisha na kumshusha kitandani, ndiye aliyepokea na kurudisha, na ndiye aliyejua kila kituo cha mwili wake. Asubuhi kabla ya shule Konda alimbadilisha nepi, akamfuta, akamgeuza. Jioni alimlisha. Siku za Jumapili alimchana nywele huku Bibi akitukana serikali.

Jioni ile mwongozaji aliporudi alimkuta Konda jikoni anaosha bakuli la uji. Alivua viatu. Alisubiri salamu. Salamu haikuja.

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo mlikuwa wasikivu. Mwalimu wenu amefurahi."

Konda aliendelea kuosha bakuli lililokwisha takata.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini amekufa."

Mwongozaji alikwenda kufunga mlango wa jikoni, ingawa mbao zile hazikuzuia hata kikohozi. Akamweleza kwa kunong'ona. Kwamba ilitokea tu. Kwamba bosi hakutaka waongozaji wazungumzie jamaa zao, wateja wasije wakadhani wanajisifia, kwa hiyo hakuwahi kusema kwamba Mama Gia ni mamake. Kwamba siku moja mgeni mmoja, mwanamke mwenye viatu vyeupe, aliuliza Mama Gia yuko wapi siku hizi, na yeye jibu likamponyoka. Watu wakavua kofia. Kuna aliyelia. Siku iliyofuata akasema tena, na bosi akamwambia pale mwisho pamekuwa pazuri sana, asipaguse.

"Ni simulizi tu, mwanangu. Kazini mtu husema mambo ya kazini."

"Mimi nilimbadilisha asubuhi," alisema Konda. "Nikanawa mikono, nikaenda shule, nikaja kuambiwa amekufa. Nimesimama pale natafuta kama kuna Mama Gia mwingine."

"Punguza sauti, atasikia."

"Kwani maiti husikia?"

Mkono wa mama uliinuka. Haukufika popote. Ulibaki hewani ukionekana wa kijinga, kisha ukashuka ukachukua kitambaa cha kufutia vyombo. Konda akampita, akaingia kichumbani kwa Bibi, na muda si mrefu sauti ya Bibi ikasikika ikiuliza mbona leo kondakta amenuna, kuna abiria amekimbia na nauli?

*

Konda hakufika mbali na siri ile. Kesho yake kipindi cha pili mwalimu aliwataka wanafunzi waandike ni mwanamke gani kati ya wale aliyewagusa zaidi na kwa nini. Konda aliweka kichwa juu ya meza akalia mpaka mabega yakatikisika. Mwalimu akamtoa nje, akambembeleza, akamuuliza tena na tena, na kitu pekee alichopata ni: "Yule dereva. Alikuwa bibi yangu, mama yake mama. Na mama ndiye yule mwongozaji."

Akasema "alikuwa". Haikujulikana kama alimaanisha kumficha mama yake au neno lilimtoka vibaya. Yeye mwenyewe baadaye hakuweza kueleza. Mwalimu, mwanamke mwenye sauti laini na moyo wa haraka, hakuhitaji zaidi. Alimruhusu aende nyumbani. Na alasiri, baada ya masomo, akaja mwenyewe, na wanafunzi wawili, na bahasha.

Mwongozaji hakuwa na kazi siku hiyo. Alikuwa uani anaanika mashuka. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake, feni limepasuliwa mbele yake, bisibisi mdomoni. Alipoona sketi za kijani zinaingia getini, mwongozaji alilivuta shuka moja lisionekane doa.

"Hodi hapa! Dada, pole. Pole sana," alisema mwalimu, akamshika mikono yote miwili iliyolowa. "Mbona hukutuambia? Ulisimama pale juani ukamsimulia mama yako mzazi kwa ujasiri ule, na sisi tunapiga makofi kama tuko kwenye tamasha! Tangu asubuhi sijatulia. Darasa limechanga kidogo, si kitu, ni cha kushika mkono tu."

Mwanafunzi mmoja akaitoa bahasha kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Juu yake mtu alikuwa amechora ua na usukani.

Kuna wakati mtu huona mlango uko wazi mbele yake na anajua hautakaa wazi muda mrefu. Mwongozaji aliuona. Alifungua kinywa. Na kabla hajajua kinywa kile kitatoa nini, sauti ikatoka nyuma ya mbao, nzito, yenye kuburuta.

"Maji! Jamani, humu ndani mtu anakauka!"

Mwalimu aligeuza kichwa. "Kuna mgonjwa?"

"Ni…" alisema mwongozaji. "Ni mama mkwe. Mama yake huyu baba. Anaumwa."

Bisibisi ilitoka mdomoni mwa fundi ikaanguka katikati ya waya. Alimtazama mke wake. Mwalimu naye akamgeukia, akampa pole, akamuuliza mama anaendeleaje. Fundi aliinama akaitafuta bisibisi, akachukua muda mrefu kuiona.

"Mama yupo," alisema mwishowe. "Anapambana." Wala hakuinua uso.

"Basi tuingie tumjulie hali," alisema mwalimu, akavua viatu. "Hatuwezi kufika mpaka hapa tukampita mgonjwa."

Hakuna mtu katika nyumba yoyote anayeweza kumkatalia mgeni jambo kama hilo. Waliingia kwa kujibana, mwalimu mbele, wanafunzi nyuma yake, mwongozaji mwisho kabisa na bahasha mkononi. Konda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kikombe cha maji. Bibi alikuwa ameegemea mito, jicho lake zima likiwa kwenye mlango. Kila neno lililosemwa uani lilikuwa limepita kwenye zile mbao. Konda aliijua hali hiyo, na Bibi aliijua, na mwongozaji aliyekuwa ameiishi miaka alikuwa ameisahau kwa dakika moja tu, ile ambayo hakutakiwa kuisahau.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu."

"Pole na kuumwa. Na pole na msiba wa mama yake huyu. Ni pigo la nyumba nzima."

Konda akafungua kinywa. Mkono wa kushoto wa Bibi, ule uliobaki na nguvu, ukamshika kifundo cha mkono na kukibana. Maji yalimwagika kidogo. Bibi akamtazama mwongozaji kule nyuma, mlangoni. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama jinsi dereva anavyotazama kioo kuona kama aliyeteremka ameshafika pembeni ya barabara.

"Tumeshapoa," alisema Bibi.

"Ulimfahamu vizuri?"

"Nilimfahamu."

"Tumesimuliwa habari zake, jamani. Alikuwa mtu wa namna gani hasa, nyumbani?"

Bibi alifikiri. Mate yalimchuruzika upande wa kombo, na Konda akayafuta kwa upindo wa khanga.

"Mkali," alisema. "Domo chafu. Mbishi. Hakujua kupika, alijua kuunguza." Wale wanafunzi wawili wakacheka, wakajizuia. "Lakini binti yake alimpenda. Hilo nililiona kwa macho yangu. Alimpenda sana."

Mwalimu akatoa kitambaa akajifuta macho. Mwongozaji alisimama mlangoni na bahasha yake, na kama ardhi ingekuwa na huruma ingepasuka hapo hapo.

*

Walipokwisha kusindikizwa, fundi aliokota kifuniko cha feni, akakifunga bila kukitengeneza kilichokuwa ndani, akatoka getini kwenda kusikojulikana. Konda alipita na kikombe. Alipofika sambamba na mama yake alisema, bila kusimama, "Anakuita."

Bibi alikuwa ameomba ashushwe mto mmoja. Mwongozaji aliushusha. Akaketi pale alipokuwa ameketi Konda, na palikuwa bado na joto.

"Nilikufaje?" aliuliza Bibi.

"Mama…"

"Nauliza. Nilikufaje?"

"Usingizini."

"Si ajalini?"

"Hapana."

"Afadhali. Sijawahi kugonga hata kuku, ungekuja kuniharibia jina." Akapumua. "Na watu hulia?"

"Wengine."

"Na wewe?"

Mwongozaji alitazama mikono yake. Ukweli ni kwamba alikuwa akilia. Karibu kila mara, pale getini, macho yalimjaa na watu wakadhani ni ufundi wa kazi. Katika chumba hiki, tangu siku walipomleta mama yake kutoka hospitali, hakuwa amelia hata mara moja. Hapa alifua, alikunja, aliziba pua.

"Mimi pia," alisema.

"Basi nilizikwa vizuri. Kwa nini, mwanangu?"

"Waliniuliza uko wapi. Siku ile nilikuwa nimefua mashuka asubuhi mara mbili, na Konda alikuwa na mtihani, kwa hiyo nilikubadilisha mimi. Nilinawa na nikanawa, lakini nilipokuwa nasimulia bado niliisikia harufu mikononi. Nao wamesimama pale wanakuona kwenye usukani, mama. Wanakuona kabisa, kijana, umeshika gia, basi tupu, unafungua mlango. Ningewaambiaje? Ningesema yuko nyuma ya nyumba yangu, ana…" Akashindwa. Macho yake yakaenda yenyewe chini ya kitanda, kwenye pakiti ya nepi.

"Sema."

"Niliona aibu."

Alilia sasa. Si kwa ufundi. Alilia kwa kelele mbaya, na kamasi.

Bibi alimwacha. Alipoona imetosha alicheka, kicheko cha nusu uso, chenye kukoroma.

"Ile gereji yenu mnayoipigia makofi," alisema, "ilikuwa na choo kimoja. Cha wanaume. Mlango hauna komeo, na wenyewe walikuwa wanasubiri tu niingie ili waje kuusukuma. Mara ya kwanza waliusukuma. Sikuingia tena. Kutoka alfajiri mpaka jioni, wewe, uko juu ya injini inayokutikisa. Njiani huwezi kusimamisha abiria eti dereva anaenda kichakani, wangesema si tuliwaambia? Nikawa najifunga vitambaa. Matambara ya khanga, nakunja mara nne. Siku ya lile basi tupu unalowasimulia, nilikuwa nimelowa mpaka magotini. Kama abiria wangepanda sijui ningeuweka wapi uso wangu. Nilishukuru Mungu walivyoshuka."

Mwongozaji aliinua kichwa.

"Ulikuwa mdogo, ukawa unaniuliza, mama, mbona unafua kila jioni? Nakujibu, jasho. Baba yako naye nikamwambia jasho. Amekufa anajua mke wake anatoka jasho sana."

"Hukuwahi kuniambia."

"Niliona aibu," alisema Bibi.

Uani mashuka yalikuwa yamekauka na upepo ulianza kuyapigapiga kwenye kamba.

"Hiyo bahasha kairudishe," alisema Bibi. "Siwezi kula rambirambi zangu."

"Nitasema nini?"

"Wewe ndiye mwenye kipaza sauti."

*

Alikwenda shuleni bila kipaza sauti. Alikuwa amepanga kuonana na mwalimu faragha, ofisini, waongee kama watu wazima; njia nzima alikuwa akijifariji hivyo. Mwalimu alipomwona dirishani alifurahi, akamvuta mkono akamwingiza darasani, akawaambia wanafunzi: "Mgeni wetu huyo, mpokeeni!" Wakapiga makofi. Konda peke yake hakupiga. Aliketi safu ya tatu, kiti cha karibu na ukuta.

Mwongozaji aliweka bahasha juu ya meza ya mwalimu. Akasema amekuja kuirudisha. Akasema hakuna msiba. Akasema Mama Gia yu hai, na yule mgonjwa waliyemsalimia ndiye, na si mama mkwe, ni mama yake aliyemzaa.

Alidhani atasema kwa ufasaha. Mtu aliyezoea kusimama mbele za watu hudhani hivyo. Badala yake alirudia sentensi moja mara mbili, akasahau mikono aiweke wapi. Huko nyuma mtu alicheka kwa pua. Msichana mwingine aliuliza kwa sauti, akimwuliza jirani yake na si mgeni: "Sasa kwa nini alimuua?"

"Kwa sababu hawezi tena kutembea," alijibu mwongozaji, "na anavaa nepi, nami niliona haya kusema. Niliona haya mbele ya watu nisiowajua, kwa ajili ya mtu ninayemjua. Na binti yangu, aliye hapa, ndiye aliyekuwa akimhudumia huku mimi nikimzika kila wiki."

Hapo hakuna aliyecheka. Uso wa mwalimu ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa mwema, na watu wema hukasirika vibaya wanapogundua machozi yao yalikwenda mahali pasipostahili. Aliichukua bahasha, akaifungia kwenye mtoto wa meza.

"Nilikaa kitandani kwake," alisema polepole. "Nikampa pole ya kifo chake. Na yeye akaitikia. Dada, ulimwachaje aitikie?"

Mwongozaji alitazama ukutani, aliko Konda. Konda alikuwa anatazama dawati lake, kidevu kimegusa kifua, na mama hakuweza kujua kama ni kwa ajili ya fedheha yake mwenyewe au ya mama yake.

Jioni ile ile mwongozaji alimpigia simu bosi. Alisikiliza, akaguna, akauliza kama haiwezekani wauache mwisho ulivyo mpaka msimu wa wageni upite, maana wateja wanaupenda. Mwongozaji alisema haiwezekani. Bosi akasema basi ile njia atapewa mwenzake kwanza, yeye apumzike, watazungumza. Ndivyo watu wanavyoambiwa wanapofukuzwa kwa adabu.

*

Siku kadhaa zikapita nyumba ikiwa kama imefiwa kweli. Fundi alikula chakula chake uani. Konda alisalimia na kuishia kwenye salamu. Asubuhi moja mwongozaji aliamka mapema kuliko bintiye, akachukua beseni, maji ya moto na sabuni, akaingia kwa Bibi. Konda alipokuja alimkuta ameshafika nusu ya kazi, akifanya vibaya, amelowesha godoro.

"Si hivyo," alisema Konda. "Unamgeuza kwanza. Unashika hapa, kwenye nyonga."

Akamwonyesha. Yakawa ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyomwambia tangu siku ile.

Wasichana ndio waliotaka kuja. Konda alileta habari hiyo kwa Bibi, si kwa mama yake: darasa linaomba kumwona Mama Gia, na mwalimu amekubali, lakini wachache tu, na Bibi akikubali.

"Wanataka kuona maiti inavyokula uji," alisema Bibi. Akafikiri. "Waje. Ila mama yako asinisimulie. Nitasimulia mwenyewe."

Walikuja, na hawakuwa wachache. Walijaza kichumba, wakakaa chini, wakajibanza kwenye mbao, wengine wakasimama dirishani kwa nje. Mwalimu alikaa kwenye kigoda cha fundi, mgumu kidogo, mikono mapajani. Alimsalimu Bibi kwa unyenyekevu na mwongozaji kwa kichwa tu. Konda alikaa mahali pake, ukingoni mwa kitanda, na kila Bibi alipokwama kwenye neno yeye alilitamka, na kila mate yalipotoka aliyafuta, mbele ya wenzake wote, bila kuharakisha.

Bibi alianza na choo. Wasichana walicheka wakaziba midomo, kisha wakaacha kucheka, kisha mmoja akauliza vitambaa alikuwa anavianika wapi, na maongezi yakawa mengine kabisa. Waliuliza mambo ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuuliza pale getini. Siku za hedhi je? Na mimba? Aliendesha na mimba mpaka lini? Mpaka tumbo lilipogusa usukani, alisema Bibi, nikasogeza kiti nyuma. Nje ya dirisha fundi alikuwa ameinamia feni lake na mabega yanamcheza kwa kucheka.

Mwongozaji alikuwa mlangoni. Kabla wageni hawajafika alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumwosha mama yake, na watu waliingia kwa wingi akashindwa kupita, akabaki pale amelishika beseni la maji machafu, na kitambaa kikielea ndani. Alisikiliza. Muda wote aliomsimulia mwanamke huyu hakuwa amewahi kumsikiliza.

"Bibi," aliuliza msichana mdogo kuliko wote, aliyekaa karibu na miguu ya kitanda, "kwa hiyo, hiyo mimba, ulipata mtoto? Una watoto?"

Chumba kizima kilijua jibu. Hata aliyeuliza aliligundua baada ya kuuliza, akajishika mdomo. Mwalimu akashusha macho. Konda akaacha kufuta.

Jicho zima la Bibi lilikwenda mlangoni, likakaa hapo, na mwongozaji akaona kwamba safari hii zamu ya kumkana mtu si yake. Akajua pia kwamba kama Bibi angemkana, yeye asingekuwa na haki ya kulalamika. Akashika beseni kwa nguvu.

"Ninaye mmoja," alisema Bibi. "Yule pale. Anajificha na beseni."

Wasichana wote wakageuka kwa pamoja. Mwongozaji alitafuta pa kuliweka lile beseni, hakupata, na mwishowe akaacha kutafuta. Alisimama nalo pale pale mbele yao, na maji yake machafu, akaacha wamtazame.